Kupona Si Kuacha Kuuma: Msiniambie Tena "Vumilia"

Leo hakuna kichekesho wala densi. Leo ni stori ya kifua, na ni ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai ukae.

Naanza na msimamo wangu ndio usihangaike kuutafuta huko chini. Hapa kwetu ukisema kifua kinauma, unajibiwa kimoja kati ya vitu viwili. Kabla ya matibabu unaambiwa, "Hiyo ni baridi tu." Baada ya matibabu unaambiwa, "Si ulipona? Vumilia." Jibu la kwanza linakuchelewesha. La pili linakunyamazisha. Na mtu aliyecheleweshwa kisha akanyamazishwa hapati nafuu, anapata tu mazoea ya kuumia kimya kimya.

Nina miaka 24. Nimeishi na maumivu ya kifua upande wa kushoto kwa zaidi ya miaka miwili. Wazee wanayaita kichomi, na hilo jina limetoshea kabisa. Daktari aliandika pleurisi. Mimi huyaita "mgeni", kwa sababu huja bila kupiga simu na hayajui kuaga.

Kinachouma ni nini hasa?

Mapafu yako yamefunikwa na ngozi nyembamba sana. Upande wa ndani wa mbavu zako nao umetandikwa ngozi kama hiyo. Katikati ya hizo mbili kuna majimaji kidogo tu ya kulainisha, ndio ukivuta pumzi ziteleze bila shida. Wale mnakumbuka karatasi za plastiki za dukani kabla zipigwe marufuku mwaka wa 2017: ukiweka mbili pamoja zikiwa na maji katikati, zinateleza. Zikikauka zinashikana na kukwaruzana. Sasa fikiria ngozi hizo zimevimba, halafu zinasuguana kila ukivuta pumzi. Mtu mzima akiwa ametulia huvuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hata ukichukua ile hesabu ya chini, ni zaidi ya mara 17,000 kwa siku.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba pafu lenyewe halisikii maumivu ya aina hii. Inayopiga kelele ni ile ngozi ya upande wa mbavu, kwa sababu ndiyo yenye neva za maumivu. Na kama sehemu iliyovimba iko karibu na kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, maumivu yanaweza kujitokeza begani. Ndiyo maana unaweza kupata mtu anachua bega wiki mbili, kumbe shida iko kifuani.

Maumivu haya pia yana tabia yake. Ukikaa tuli na kupumua kidogo kidogo, unaweza kudhani yameenda. Kisha unapiga chafya. Au unacheka. Au matatu ya Rongai inaruka bampu bila dere kupunguza mwendo. Ni kama umechomwa na ile sindano ya kushonea magunia. Kukohoa, kupiga miayo, kuinama kufunga viatu, kugeuka kitandani, hata kufunga sidiria: vitu ambavyo hakuna mtu huvihesabu kama kazi vinageuka kuwa kazi.

Kwangu mimi kazi yenyewe ni sauti. Mkisikia video yangu ya dakika moja, jueni siku mbaya huwa nimeirekodi vipande kumi na kuviunganisha, kwa sababu sentensi ndefu inataka pumzi ndefu, na pumzi ndefu ndiyo inaamsha mgeni.

"Hiyo ni baridi tu"

Sitaki mtu amcheke shosho yangu hapa. Aliniambia, "Mjukuu wangu, umeshikwa na baridi ya mbavu. Vaa sweta na uache kupanda hizo pikipiki kifua wazi." Shosho alikuwa ananipenda kwa njia anayoijua. Tena hakuwa mbali sana na ukweli. Kati ya Juni na Agosti, Nairobi ikigeuka friji, tunafunga madirisha, tunabanana kwa matatu, na virusi vya mafua vinahama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu bila kulipa nauli. Virusi ni moja ya vyanzo vya kawaida vya kichomi. Kwa hivyo baridi inaweza kuja na msimu wake, lakini upepo wa nduthi peke yake hauvimbishi ngozi ya mapafu.

Shida ya jibu la "baridi" ni kwamba linafunga faili kabla haijafunguliwa. Kichomi ni kama moshi: kinakuambia kuna kitu kinaungua, hakikuambii ni nini. Inaweza kuwa virusi ambavyo vitaisha vyenyewe ndani ya siku chache au wiki mbili hivi. Inaweza kuwa nimonia. Inaweza kuwa TB. Inaweza kuwa damu iliyoganda mguuni ikasafiri hadi kwenye mapafu, na hiyo ni dharura. Inaweza kuwa ubavu uliovunjika, au pafu lililotoboka likavujisha hewa. Inaweza kuwa lupus au baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili inamgeuka mwenye mwili. Na kwa wenzetu wenye selimundu, maumivu ya kifua yanaweza kuwa mwanzo wa hali mbaya sana. Sasa niambie, kati ya hizo zote sweta inatibu gani?

Mimi nilizungushwa wiki tano. Kemisti moja iliniambia ni gesi. Kliniki moja ikasema ni vidonda vya tumbo na kunipa dawa za vidonda. Kwingine mhudumu aliniangalia kutoka juu hadi chini akasema, "Msichana mdogo kama wewe? Hizo ni stresi za mapenzi." Katika vituo hivyo vitatu hakuna mtu aliyeniwekea kifaa cha kusikiliza kifua. Hicho kifaa kilibuniwa Ufaransa mwaka wa 1816. Miaka zaidi ya mia mbili, na mimi sikupata hata dakika moja yake.

Kufikia wiki ya sita joto la mwili lilikuwa linapanda kila jioni, shuka zinaloa jasho usiku, na suruali zangu zote zimeanza kuteleza. Mathe akaniambia, "Amka tuende hospitali ya serikali, na hatutoki huko bila picha ya kifua." Huko ndiko daktari mmoja alinigonga mgongo kwa vidole. Upande wa kulia ulilia kama ngoma. Wa kushoto ulilia kama ukuta. Picha ikatoka: maji kifuani. Wakapitisha sindano kati ya mbavu, wakavuta maji ya manjano, wakayapima. TB ya ngozi ya mapafu.

Najua hapa kuna mtu amesogeza kiti. Tulia. TB huambukizwa kwa hewa, kutoka kwa mtu mwenye TB ndani ya mapafu au koo. Ile iliyo kwenye ngozi ya mapafu peke yake kwa kawaida haisambai kwa watu wengine. Hata hivyo kila mtu kwetu alipimwa, na ndivyo inavyotakiwa. Na jambo lingine la kushika: makohozi yangu yalikuwa yametoka safi. Hilo hutokea kwa aina hii, kwa sababu wadudu wako kwenye ngozi na si lazima watokee kwenye makohozi. Kwa hivyo kama umepimwa makohozi ukaambiwa hakuna kitu, na bado unachomwa, unaloa jasho usiku na unakonda, una haki ya kuuliza, "Daktari, tunaangalia nini kingine?" Huko si kujifanya mjuaji. Ni kifua chako.

Kenya iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB. Dawa zake ni za bure kwenye hospitali za umma. Mimi nilimeza miezi sita: miezi miwili ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, na minne iliyofuata dawa mbili. Mkojo unageuka rangi ya chungwa, usiogope, ni dawa moja inayoitwa rifampisini. Lakini wadada, shikeni hii ambayo watu wengi hawaambiwi: rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Muulize daktari njia nyingine kabla hujapata habari kwa njia ngumu.

"Si ulipona?"

Miezi sita iliisha. Kadi yangu ya kliniki ikaandikwa kwamba nimepona. Nyumbani kukapikwa chapati. Watu wakaniandikia pongezi hapa, na nilizisoma zote.

Mgeni naye alikuwa amekaa pale pale.

Nilirudi hospitali, na hiyo ni hatua ambayo hakuna mtu anapaswa kuiruka. Picha nyingine, makohozi, damu, kupimwa upya mzima. Hakuna maji. Hakuna TB. Daktari alinieleza kwamba moto umezimwa lakini ukuta umebaki na alama. Zile ngozi mbili zikishavimba sana, zinaweza kupona zikiwa nene, zikiwa na kovu, zikiwa zimeshikana mahali fulani. Kwa wengine maumivu huisha wiki chache baada ya matibabu. Kwa wengine hukaa miezi, na kwa wengine zaidi. Mimi niko kwa hao wa mwisho.

Hapo ndipo nilijua kwamba ugonjwa una heshima kuliko maumivu. Ukiwa na TB una kadi, una tarehe ya kliniki, una jina la kitu unachougua. Ukibaki na maumivu peke yake huna karatasi yoyote. Una neno lako tu, na neno la msichana wa miaka 24 anayecheka kwenye video halina uzito mbele ya watu wengi.

Kuna mteja mmoja alinipa kazi ya kupiga video ya sherehe siku nzima. Nilimwambia mapema kwamba nitabeba kamera lakini nitahitaji kukaa chini dakika kumi kila baada ya saa mbili. Akacheka. "Lakini jana nimekuona ukicheka kwa video yako, uko poa tu." Kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Sikulia kwa sababu ya pesa peke yake, ingawa kodi ilikuwa inangoja. Kilichoniuma ni kwamba ushahidi uliotumiwa dhidi yangu ulikuwa kicheko changu mwenyewe. Kumbe ili uaminiwe, lazima ukae umekunja uso saa ishirini na nne.

Hata mbogi yangu, ambao nawapenda, walianza kupanga safari za kupanda vilima vya Ngong bila kuniambia. "Hatukutaka ujiskie vibaya, siz." Wapendwa, nilijiskia vibaya nilipoona picha. Ningependa mniulize, niseme mwenyewe kwamba nitawangoja chini na mahindi choma.

Kwani kuvumilia ni vibaya?

Najua kuna mtu anaandika tayari: "Nyinyi vijana wa siku hizi mnalalamika sana. Wazazi wetu walilima na kichomi." Ni kweli walilima. Wengine pia walikufa na hatukuambiwa ni nini kiliwaua, tuliambiwa tu "alikuwa anasumbuliwa na kifua". Uvumilivu wao sitaudharau. Lakini hawakuuchagua kwa sababu ni dawa nzuri. Kwa wengi hakukuwa na kitu kingine cha kuchagua.

Kuna hoja nyingine ambayo ni nzito zaidi, na nitaipa haki yake. Watu wanasema ukiyawaza maumivu sana yanakua. Hapo kuna ukweli. Ukiogopa kuumia unaanza kupumua juu juu, mabega yanapanda, misuli ya kifua inakaza, na sasa unaumwa na ngozi na misuli pamoja. Hofu inaongeza maumivu. Lakini niambie, mtu anaondoa hofu vipi? Mimi yangu haikupungua kwa kuambiwa nivumilie. Ilipungua siku nilipopimwa nikaelezwa ni nini, na nikaonyeshwa cha kufanya. Kuambiwa "vumilia" kuliniacha peke yangu na hofu ile ile, usiku, nikihesabu pumzi.

Methali inasema mvumilivu hula mbivu. Sawa kabisa. Lakini mkulima anayengoja mbivu huwa anapalilia, anamwagilia, anafukuza ndege. Hakai tu kivulini akisema "itaiva". Mimi nataka huo uvumilivu wa kupalilia.

Jinsi ninavyopalilia

Hii ni yangu, niliyoijenga na daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Usiibebe kama ilivyo kabla wewe hujapimwa.

Ya kwanza ni pumzi. Ukiumwa, mwili unakushawishi upumue kidogo kidogo. Ukiusikiliza siku nyingi, sehemu za chini za mapafu hazifunguki vizuri, makohozi yanakaa huko, na unajiweka kwenye hatari ya nimonia. Kwa hivyo mara kadhaa kwa siku nakaa wima, navuta pumzi polepole kwa pua hadi pale inapoanza kuuma, naishikilia kwa hesabu ya tatu, naiachilia polepole kwa mdomo kama napuliza chai. Mara kumi. Siku za kwanza nilifika nusu tu, na hiyo nusu nayo niliihesabu.

Ya pili ni mto. Nikitaka kukohoa au kupiga chafya, nakumbatia mto kwa nguvu pale panapouma. Kwa matatu natumia sweta iliyokunjwa. Inaonekana kichekesho, lakini inashika mbavu zisitikisike sana. Na usiku nalalia upande unaouma. Najua inaonekana kinyume, lakini ukiulalia ule upande unasogea kidogo, na kisichosogea sana hakisuguani sana.

Ya tatu ni dawa, na hapa nataka tuongee kama watu wazima. Mnajua zile bahasha ndogo za kemisti, vidonge vitatu vya rangi tofauti, hakuna jina hata moja, "meza asubuhi na jioni"? Mimi siondoki dukani bila kuandikiwa jina la kila kidonge. Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu. Ukizimeza pamoja huongezi nafuu, unaongeza hatari kwa tumbo na figo. Humezwa baada ya kula, na kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu au mimba, unaongea na daktari kwanza. Parasetamoli nayo ina mpaka: kwa mtu mzima asiye na shida ya ini, vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24, na kumbuka dawa nyingi za mafua huwa na parasetamoli hiyo hiyo ndani. Zile dawa kali za kutuliza maumivu zinazouzwa chini ya kaunta, eti "hii itakuzimia kabisa", ziache huko. Nimeona rafiki akiingia huko na mgongo, akatoka na shida mbili.

Na msizime maumivu mapya kabla kujua ni ya nini. Kutuliza maumivu ya kitu kilichopimwa ni matibabu. Kutuliza yale ambayo hayajapimwa ni kuondoa betri ya kengele moto ukiwa unasikia moshi.

Ya nne ni daftari. Naandika siku, maumivu ni ngapi kati ya kumi, nilikuwa nafanya nini, nimemeza nini. Kurasa mbili za daftari zilinifanyia kazi kuliko mwaka mzima wa kusema "inauma tu". Daktari aliona kwamba siku za kuhariri video nikiwa nimejikunja kitandani ndizo siku za saba na nane. Sasa nahariri nikiwa mezani, nasimama kila nusu saa, na saba zimekuwa nne. Hazijawa sifuri. Ni nne, na kwa nne naweza kufanya kazi.

Mengine ni madogo: chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso, kutembea kila siku hata kama ni hadi stejini tu, kukaa mbali na moshi wa sigara. Na shisha, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwishoni mwa 2017, bado mnaiita starehe ya wikendi. Mimi nikiwaona na hizo bomba kifua kinauma kwa niaba yenu.

Siku ambazo hutakiwi kujisimamia

Kuna dalili ambazo ukiziona usisome posti yangu, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku na hata kama ulishaambiwa umepona. Maumivu ya kifua yaliyokuja ghafla pamoja na kukosa pumzi. Kukohoa damu. Midomo kubadilika rangi. Kuzirai. Mguu mmoja umevimba na unauma, halafu kifua nacho kinaanza. Uzito kifuani unaoelekea mkononi au kwenye taya. Homa kali isiyoshuka. Na ikiwa una selimundu, umejifungua juzi, umefanyiwa upasuaji au umekaa kitandani muda mrefu, usisubiri hata kidogo.

Kama si ya ghafla lakini umekohoa wiki mbili, unaloa jasho usiku na unakonda, kesho asubuhi uwe kwa foleni ya kupimwa TB. Na kama bado hujajiandikisha SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jiandikishe ukiwa mzima, usingoje uwe kwa foleni umeshika mbavu.

Ninachotaka kibadilike

Kwa wahudumu wa afya, nawaheshimu, na najua foleni zenu. Ombi langu ni dogo. Mgonjwa akimaliza dawa, kabla hamjaandika kwamba amepona, muulizeni, "Bado inauma?" Akisema ndiyo, asirudishwe nyumbani na pongezi pekee. Aonyeshwe jinsi ya kupumua, aambiwe dawa gani ni salama kwake, apewe tarehe ya kurudi. Sijasema mjenge jengo jipya. Nimesema swali moja na dakika tano.

Kwa wenye kazi: mtu akikuambia mapema kwamba anahitaji kukaa dakika kumi, huyo si mvivu. Mvivu hakupi ratiba. Huyo anajua mwili wake na anapanga jinsi ya kukumalizia kazi.

Kwa marafiki na familia: simtaki mtu anihurumie. Ile "pole" ya kuinamisha kichwa inachosha. Badala ya yale majibu mawili niliyowaambia mwanzo, tumieni maswali mawili. Mtu akisema kifua kinauma, muulize, "Umepimwa?" Kama bado, msindikize, kwa sababu foleni peke yako ukiwa unaumwa ni ndefu mara mbili. Akikuambia amepimwa, amemeza dawa, amepona na bado inauma, usibishane naye. Muulize, "Nikusaidie aje?" Wakati mwingine atasema mbebee kitunguu na viazi kutoka sokoni. Wakati mwingine atasema hakuna, kaa tu hapa tuangalie filamu, na isiwe ya kuchekesha sana.

Na wewe unayesoma hii umeshika mbavu zako, ukidhani labda ni akili zako tu kwa sababu kila mtu amesema hivyo: si akili zako. Rudi ukapimwe. Ukipimwa wakakosa kitu kibaya, furahi, kisha uanze kupalilia. Usikubali mtu akuambie uchague kati ya kuwa mgonjwa na kuwa mzima. Kuna sisi tuliopo katikati, na tunafanya kazi, tunapenda, tunacheka tukiwa tumekumbatia mto.

Haya. Mimi nimemaliza. Naenda kulala, upande wa kushoto kama kawaida.